Jarife la Bwana Fisi

Hapo zamani za kale sana, watoto, palikuwa na mkutano mchangani, penye ghuba ya Mnarawe. Alikuwepo Simba, jumbe wa mji. Alikuwepo Fisi, mwenye jarife, yaani ule wavu mkubwa wa kunasia papa. Alikuwepo Nguruwe, mshirika wake. Alikuwepo Kaa, fundi wa kushona nyavu, mdogo kuliko kikombe cha kahawa. Na majini, karibu na ufuko, alikuwepo Bi Mwanamkuu, Pomboo, pamoja na binti yake Kibibi. Nasema Pomboo, si samaki. Jina hilo mlishike.

Hao wawili ndio waliobaki. Kabla ya jarife, pomboo walijaa ghuba nzima. Alfajiri mji uliamshwa na pumzi zao: Pfuu! Pfuu! Wenye nyumba walifungua madirisha wakaitikia, "Marahaba!" kana kwamba wameamkiwa. Asubuhi zile zilikuwa njema.

"Bwana Jumbe," akasema Bi Mwanamkuu, "mume wangu amekufa maji jarifeni. Wanangu wa kiume pia. Leo jarife linategwa tena mlangoni mwa ghuba, nami sina mwingine ila huyu Kibibi."

Fisi akacheka. "Ha! Bi Mkubwa, mimi natafuta papa. Wako wakiingia, nani kawaalika? Tena mwenye mapezi hufaje maji? Walikufa kwa maradhi yao."

"Krr! Krr!" akakoroma Nguruwe. "Leo samaki kafa maji! Kesho tutaambiwa ndege kafa kwa kuruka!"

Mkutano mzima ukacheka. Hata Simba akacheka, na kesi ikaishia hapo.

Kaa hakucheka. Alitambaa taratibu mpaka mguuni pa Fisi.

"Bwana Fisi, jarife nimeshaliziba. Lakini desturi unaijua: wavu uliozibwa hauendi kazini kabla ya kujaribiwa mbele ya jumbe. Tena jana papa mmoja alipita hapa akisema wavu wako utakatwa hata na mbuzi."

"Na nani? Na mbuzi?"

"Nikamjibu, Bwana Fisi ana nguvu kuliko papa yeyote. Likimzuia yeye, litawazuia wote. Lakini bwana, kama unaogopa kulowa..."

"Niogope mimi? Nguruwe, shika ncha hiyo!"

Wakalifunga jarife kwenye vigingi viwili, maji yakiwa ya kifuani na bahari ikianza kujaa. Fisi akajitupa. Chubwi! Akapiga mateke, akajipindua, akauma. Kila alipojipindua, jarife lilizidi kumkaza. Maji yakafika shingoni. Yakafika kidevuni.

"Limeshika! Hodari, fundi! Sasa nitoe."

"Nikutoe? Jarife lako hutegwa jioni likavutwa asubuhi, Bwana Fisi. Si ndiyo kanuni yako?"

"Asubuhi! Nitakufa maji!"

"Mbona pomboo hawafi?"

"Pomboo nao... pfuu!... wanataka pumzi! Najua! Nimewasikia mle jarifeni wakipuliza hivi hivi, mpaka wakanyamaza! Nitoe, ndugu yangu!"

Nguruwe akatazama kwato zake.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyepiga mbizi. Akapita chini ya Fisi, akamwinua kwa mgongo wake, pua ikatoka nje ya maji, naye Kaa akakata nyuzi kwa magando yake: kacha, kacha, kacha.

"Fisi, umejihukumu mwenyewe," akasema Simba. "Kuanzia leo jarife halitegwi Mnarawe. Mtavua kwa mshipi na ndoana." Kisha akamtazama Bi Mwanamkuu, akainamisha kichwa. "Nami nilicheka, Bi Mkubwa. Niwie radhi."

Kaa akaendelea kukata mpaka jarife lote likawa vipande visivyoweza kunasa hata dagaa.

Pomboo wakaishi salama katika ghuba ile. Alfajiri zikasikika pumzi mbili, na baada ya miaka mingi, moja. Kibibi alikuwa akipuliza, Pfuu, kisha ananyamaza kidogo, kama anayengoja kujibiwa. Kaa alikuwa akitoka shimoni mwake na kuitikia, "Marahaba."

Funzo ni hili: anayejua madhara ya kazi yake na kunyamaza, hata akija kusema, huwa amewachelewea wengi.

Kibibi binti Mwanamkuu alikufa kwa uzee, msimu wa mvua za vuli. Hakuacha mtoto, kwa kuwa hapakuwa na pomboo wa kumwoa.