Mama Mkwe na Mafuriko ya Bondeni

Wapendwa, hebu mfikirieni mwanamke mmoja, mhadhiri wa chuo kikuu, ambaye kazi yake ilikuwa mafuriko. Alijua mvua ikinyesha milimani, mto utapanda baada ya muda gani. Alijua nyumba zipi bondeni huzama kwanza. Jambo moja hakulijua, nalo lilimnyima raha. Mafuriko yaliyopita, filimbi ilipopigwa, wanawake na watoto walikimbilia shule iliyo kilimani. Wanaume wengi walibaki juu ya mapaa, na mto ukaondoka na baadhi yao. Kwa nini hawakupanda?

"Wabishi tu hao," wakubwa zake chuoni walimwambia. "Wapelekee king'ora kikubwa zaidi."

Hakupeleka king'ora. Alikwenda bondeni akakaa na watu. Kila kikao aliuliza swali lile lile, kisha akanyamaza, na kunyamaza kulimtesa, maana alikuwa mtu wa wasiwasi. Wanaume walitazama viatu vyao. Mpaka siku moja bibi mmoja akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mwalimu, hawa watakuzungusha mpaka uzeeke! Shule yenyewe ina darasa moja la kulala watu. Mle ndani nimo mimi, nimejinyoosha. Mkwe wangu akiingia alale wapi? Miguuni pangu?"

"Mama, usituvue nguo mbele ya wageni!" mwanamume mmoja akalalamika kutoka nyuma.

"Nguo mlishavuliwa na mto, baba."

Mnacheka? Nani kati yenu angekoroma usiku kucha ubavuni mwa mama mkwe? Basi wale watu walikufa kwa adabu.

Mhadhiri alikuwa tayari na jibu mdomoni. Akalimeza, akauliza, "Sasa tufanyeje?"

Wakabishana mpaka sauti zikakauka. Wakaamua wenyewe: mama wakwe na watoto, shuleni; wakwe wa kiume, kwenye ghala la pamba upande wa pili wa kilima, na njia mbili za kupandia, zisizokutana. Wakazifyeka. Wakafanya mazoezi huku wakitaniana, na mvua ya kwanza ilipolainisha udongo, wakayarudia.

Masika ile mto ukavunja kingo. Mhadhiri alikuwa mjini. Simu za bondeni hazikupatikana, na barabara ilikuwa imekatika. Akashuka garini akatembea kwenye tope, akiwataja moyoni watu wa kila nyumba, nyumba kwa nyumba. Kama njia zile zimeshindwa, anakwenda kuzika watu aliokula ugali wao.

Akafika kilimani. Shule imejaa. Ghala limejaa. Bibi yule anakoroga uji kwenye sufuria kubwa na kumfokea mtu aliyeleta kuni mbichi. Hakupotea hata mmoja.

Ofisa wa wilaya alikuwa ameshafika kwa mashua, ameduwaa. "Mama, nani aliwafundisha mpango huu?"

Bibi akamshangaa. "Kutufundisha? Wakwe ni wetu, kilima ni chetu, nani atufundishe? Tulikaa, tukaamua."

Hakusema kwa ubaya. Ndivyo alivyokumbuka. Ofisa akamgeukia mhadhiri, aliyeloa tope hadi kiunoni. "Na wewe, dada, ni nani?"

Ndugu zangu, ungekuwa wewe ungejibu nini? Kazi yake yote ilikuwa imesimama pale kilimani, inapumua, inakunywa uji. Sentensi moja tu, na sifa zingekuwa zake.

"Mimi ni mgeni wao," akasema. "Nimekuja kuona walivyofanya."

Na maishani mwake hakuwahi kujivuna kama siku ile.

Je, sisi? Tukichimba kisima, tunataka jina letu lichorwe ukutani. Tukimsomesha mtoto wa ndugu, tunamkumbusha kila sikukuu, mpaka msaada unageuka mzigo. Tunaogopa kusahauliwa. Lakini jambo likishamwingia mtu sawasawa huwa lake. Anasimama nalo akisema, "Nimefanya mwenyewe," na anasema kweli. Huo ndio ushindi wetu, wapendwa, na Mungu ameuona wote, tangu swali la kwanza.

Yupo mtu leo anayeishi vizuri kwa kazi yako na hajui kama ni yako? Kama yupo, inua kichwa, jivune kimyakimya. Kisha nenda ukamtafute wa pili.