Bi Sikujua na Mashine Mbili za Kufyekea Nyasi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba zao, mashamba yao na majirani wa kugombana nao, palikuwa na Nguchiro na mkewe, Bi Sikujua. Wenyewe walikuwa wadogo, kila mmoja ungeweza kumficha nyuma ya mtungi wa maji. Lakini shamba lao lilikuwa kubwa. Walirithi eka kumi na zaidi kutoka kwa mjomba wake Nguchiro. Kona moja walilima karanga. Kwingine kote zilikuwa nyasi tu, kuanzia mtoni mpaka juu ya kilima.

Mwaka ule mvua zilinyesha kwelikweli. Nyasi zikapanda mpaka swala akipita huoni hata pembe. Kisha mvua zikakatika, jua likawaka, nyasi zote zikakauka zikawa kama mkeka mkavu unaongoja kiberiti.

Na kila mtu kijijini alikumbuka moto wa mwaka uliopita. Uliruka kilima ukaila nyumba ya Bi Kanga pamoja na mayai yake yote. Bi Kanga mwenyewe alitoka na mabawa yanafuka moshi.

Basi Mwenyekiti Twiga akapita nyumba kwa nyumba. Akafika kwa Nguchiro, akainamisha ile shingo mpaka mlangoni.

"Baba Tunu," akasema, maana binti yao mkubwa aliitwa Tunu, "siku ya soko nitapita tena. Shamba nitakalolikuta na nyasi ndefu nitampa mwingine mwenye uwezo wa kulisafisha. Nakuonea huruma, lakini kijiji kizima hakiwezi kuungua kwa ajili yako."

Nguchiro na mkewe wakachukua mundu, wakaingia shambani. Fyeka, fyeka, fyeka! Mpaka jioni walikuwa wamesafisha mahali pa kutandika mikeka mitatu. Nguchiro akakaa chini, akatazama malengelenge mikononi.

"Mama Tunu, hapa tunahitaji mashine. Ile ya kukalia juu, unashika usukani kama uko kwenye trekta, nayo inafyeka chini."

"Twende tukazione," akasema Bi Sikujua.

Wauzaji walikuwa wawili. Kiboko aliuza mpya, Nyati aliuza zilizotumika.

Kwa Kiboko, Nguchiro alipoiona tu mashine, moyo ulimwenda mbio. Nyekundu, inang'aa, kiti bado kimefunikwa nailoni. Akaruka juu, akashika usukani. Miguu haikufika chini, hakujali.

"Mama Tunu, njoo uone, ina taa. Ina honi." Akabonyeza. Piii! Akacheka peke yake kama mtoto.

"Hii hata matope haijayaona, shemeji," Kiboko akasema huku akiipangusa kwa kitambaa. "Ukiichukua, unalala usingizi."

"Bei?" akauliza Bi Sikujua.

"Ghala lenu lote la karanga."

"Lote?"

"Lote. Kitu kipya hakiulizwi maswali."

Wakaenda kwa Nyati. Mashine yake ilisimama kivulini, rangi imebanduka, kiti kimeshonwa kwa katani. Nyati akaigonga ubavuni kwa kwato. Ngo, ngo.

"Chuma cha zamani hiki. Kimefyeka mashamba ya watu wengi. Nusu ya ghala lenu tu."

Akawasha. Ikaitika mara moja: gudu-gudu-gudu. Nyati akatabasamu, akaizima. Bi Sikujua akazunguka nyuma kama anayeangalia magurudumu, akanusa bomba la moshi, akagusa injini. Ilikuwa ya moto wa kuunguza, kupita joto la kuwashwa mara moja tu.

"Bwana Nyati, leo umeshaifanyia kazi?"

"Hapana, mama. Imekaa hapo tangu jana."

"Basi jua la leo ni kali," akasema Bi Sikujua, akajifuta kidole. Pale walipokuwa palikuwa kivuli kitupu.

Njiani wakaanza kubishana.

"Tuchukue mpya," akasema Nguchiro. "Ukinunua kuukuu umenunua na maradhi yake."

"Na tukitoa ghala lote, wanao watakula nini mpaka mavuno? Honi?"

"Je, tukichukua ya Nyati ikatufia katikati ya shamba?"

Bi Sikujua akaguna. Mumewe alikuwa na neno hapo. Wakatembea, kila mmoja akiona mbele yake karanga zimeondoka na shamba limeondoka, na watoto wamekaa juu ya mizigo kando ya njia.

"Baba Tunu," hatimaye akasema, "Kiboko hataki kuulizwa, na Nyati ameniambia uongo. Wote wana wanachokificha. Niachie mimi. Wewe kesho usiseme kitu."

"Hata nikiulizwa?"

"Ukiulizwa, kohoa."

Asubuhi Bi Sikujua akakimbia kwa Kiboko, akajifanya mnyonge.

"Kaka Kiboko, mwenzako moyo wangu uko kwenye hii nyekundu. Ila Bwana Nyati anasema ni pambo la uani, eti ikiingia kwenye nyasi zetu itakohoa."

"Nyati kasema hivyo?" Kiboko akavimba.

"Mimi ni mdogo, sijui mashine. Ningeiona tu inafanya kazi, roho yangu ingetulia. Nusu ya shamba, upande wa kushoto."

"Nakuja nayo leo. Na yeye awepo aone."

Bi Sikujua akakata kona, akaingia kwa Nyati.

"Bwana Nyati, Kiboko anasema hiyo yako inafaa kufugia kuku. Anakuja kwangu leo kufyeka nusu ya shamba, watu waone."

Nyati akapiga kwato chini, vumbi likaruka. "Na nusu ya pili ni yangu."

Kabla ya jua kupanda sana wote wawili walikuwa shambani. Nguchiro alikuwa amefunga kamba katikati, kutoka mtoni mpaka kilimani. Nyati alifika mashine inanguruma, injini imepata moto, akataka kuingia moja kwa moja.

"Karibuni uji kwanza," akasema Bi Sikujua.

"Tuanze tu, mama, uji baadaye."

"Mgeni wangu hafanyi kazi na njaa. Zima, uje ukae."

Angekataa vipi mbele ya watu? Na watu walishaanza kujaa: nyani, ngiri, Bi Kanga na vifaranga wake wapya. Nyati akazima. Uji ukawa wa moto sana, wa kupulizwa polepole. Kila Nyati alipotaka kuinuka, Bi Sikujua alimwongeza kata nyingine. Mashine ikapoa mpaka vifaranga wakapanda juu yake.

"Haya," akasema Bi Sikujua.

Kiboko akawasha. Trrrrr! Ikaondoka kama mshale, nyasi zikaruka huku na huku. Nyati akawasha yake. Kwe-kwe-kwe... puh. Akajaribu tena. Kwe-kwe... puh. Watu wakaangua kicheko. Nyati akashuka, akaweka pembe nyuma ya mashine, akaisukuma mbio huku ameshika usukani kwa kwato moja. Kwe, kwe, gudu, gudu-gudu-gudu! Akarukia juu ikiwa inakwenda.

Ikawa mbio sasa, wanangu. Pale tambarare Kiboko alikuwa mbele, anapiga honi kumkera mwenzake. Nguchiro akasahau kila kitu, akawa anaruka pembeni ya kamba.

Kisha zikaja zile nyasi nene za katikati. Trrr... trr... tr. Visu vikazibwa. Kiboko akashuka, akazing'oa nyasi kwa mdomo, akapanda, akaenda hatua chache, vikaziba tena. Moshi ukaanza kutoka. Ilikuwa mashine ya kukatia nyasi za uani mbele ya nyumba, siyo eka kumi za nyasi pori, na Kiboko alilijua hilo siku zote.

Nyati akampita. "Kaka, hujambo huko?" akauliza bila kugeuza shingo.

Akapanda kilima kama anayekwenda kwao. Lakini katikati ya kilima, chwaa! Mkanda ukakatika, visu vikasimama. Kumbe ulikuwa umeliwa na umri. Nyati akachomoa kamba ya katani kwenye kiti, akaufunga, akaendelea. Ukakatika tena, akaufunga tena.

Na wala hakuna aliyekubali kuacha. Kiboko akitazama upande wa pili anamwona Nyati, Nyati akitazama anamwona Kiboko. Kiboko alimalizia kilima akiisukuma mashine kwa kifua, jasho linamtiririka mpaka masikioni.

Jua lilipoanza kuinama, nyasi zote zilikuwa chini. Na huku nyuma Mwenyekiti Twiga alikuwa amesikia makelele, akaja kuona.

"Nimelitazama tangu kule mtoni," akasema. "Limesafishwa lote. Hili ni lako, Baba Tunu, sirudi tena siku ya soko."

Nguchiro akakohoa. Macho yalikuwa yamejaa maji.

Kiboko akaja akihema. "Haya, shemeji, sema. Nani umemchagua?"

"Bado nafikiri," akasema Bi Sikujua. "Leo sina haraka tena."

Nyati akalitazama shamba, akatazama kwato zake zilizochubuka. "Kiboko, si wewe uliyesema mashine yangu ni ya kufugia kuku?"

"Mimi? Si wewe uliyesema yangu ni pambo?"

"Sijasema."

"Wala mimi."

Wote wawili wakageuza vichwa vyao vikubwa kumtazama Bi Sikujua. Kiboko akapiga hatua, ardhi ikatetema. Nguchiro akaruka akasimama mbele ya mkewe.

"Msimguse," akasema. Ndilo neno la kwanza alilotamka tangu asubuhi.

Twiga akaingiza shingo yake katikati. "Mlikubaliana ujira?"

"Hapana," akasema Nyati.

"Mlikuja kufanya nini?"

"Kuonyesha mashine."

"Basi mmezionyesha, na sote tumeziona."

Nyani wakaanza kucheka, ngiri wakafuata, mpaka Bi Kanga ambaye hakuwa amecheka tangu ule moto akajishika mbavu. Nyati alijizuia, akashindwa, naye akacheka. Kiboko peke yake alinuna.

"Ni kweli nimewachokoza kwa uongo," akasema Bi Sikujua. "Lakini na ninyi mlitaka kutuuzia uongo. Kaka Kiboko, ulijua hii yako haiwezi nyasi zetu, na bado ukataka chakula chote cha wanangu. Na wewe Bwana Nyati, jana uliiwasha kabla hatujafika."

Nyati akainamisha pembe. "Tangu alfajiri."

"Nyasi zitaota tena mvua zikija. Baba Tunu, wewe unasemaje?"

Nguchiro akaiendea ile nyekundu. Nailoni ya kiti ilikuwa imeyeyuka, nayo ilinuka moshi. Akabonyeza honi mara moja, ya kuagana. Kisha akaielekezea kidole ile kuukuu ya Nyati.

"Hii imepanda kilima," akasema.

"Basi, Bwana Nyati," akasema Bi Sikujua, "tia mkanda mpya, tengeneza hiyo injini iwake ikiwa baridi, uilete hapa hapa. Ikiwaka asubuhi bila kusukumwa, nusu ya ghala ni yako."

Nyati akakubali. Alirudi baada ya wiki chache, akailaza mashine uani kwa Nguchiro, asubuhi Bi Sikujua mwenyewe akaiwasha. Gudu-gudu-gudu. Karanga zikapakiwa, nusu nyingine ikabaki ya watoto.

Basi, wanangu, mkitaka kununua kitu, kipya au kilichotumika, msikubali kuonyeshwa tu. Ombeni kukijaribu pale pale penye kazi yenyewe.