Tanga la Bi Nguchiro

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walijenga nyumba na kukaribishana chai, Bi Nguchiro aliishi kando ya ziwa na watoto wake watatu. Alijiundia mashua ndogo ya mbao, ubao kwa ubao, kwa miezi minane. Alipomaliza kuipaka lami, Kiboko na rafiki yake Kifaru walikuja kumpongeza.

Walimpongeza kwa kuichukua.

"Chombo kizuri," alisema Kiboko. "Kuanzia leo utatupigia makasia kila asubuhi, tukatembee."

Kiboko, mzaliwa wa majini, aliona kulowa si heshima.

Basi mama wa watu akawa anapiga makasia, chubwi, chubwi, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Siku moja alijaribu kutoroka na wanawe. Kiboko alimfikia upesi, akairudisha mashua akiisukuma kwa pua.

"Ukirudia, hao watoto nitawakanyaga," alisema.

Bi Nguchiro hakula siku ile. Aliwaza. Kesho yake akawaambia, "Waheshimiwa, mimi naona aibu. Wakubwa kama ninyi kwenda kwa makasia, kama wachuuzi wa dagaa? Wakubwa huendeshwa na upepo."

"Hata mimi nilikuwa nafikiri hivyo," alisema Kifaru, ambaye hakuwa amefikiri chochote tangu masika.

"Tatizo ni mlingoti. Unataka mti mrefu, nami sina nguvu."

Kusikia neno nguvu, Kifaru alikwenda akang'oa mti, kraaa, akauburuta hadi ufukweni. Kiboko alishona tanga siku sita, sindano ikimchoma vidole vyake vinene. Wakatoboa ubao wa kukalia wa katikati, wakasimamisha mlingoti, wakachonga usukani. Bi Nguchiro alikaa kivulini akiwasifu, kazi ambayo nayo inachosha.

Asubuhi ya majaribio upepo ulivuma kutoka nchi kavu. Kiboko akainua mguu apande.

"Taratibu, bwana," alisema Bi Nguchiro. "Tanga jipya likianza na mzigo mzito huchanika. Acha niliendeshe mimi kwanza. Ila lazima tutie farumi."

"Farumi ndiyo nini?"

"Uzito wa chini, mashua isipinduke. Huwekwa vitu duni, hata vikizama isiwe hasara."

"Kama nini?"

"Kama sufuria zangu. Na wanangu."

Kiboko aliridhika. "Kwa kimo chako, una akili."

Wao wenyewe wakazipakia sufuria na watoto wa Bi Nguchiro. Tanga likapanda, likajaa, pwaa, mashua ikaondoka.

"Inakwenda vizuri," alisema Kifaru kwa fahari. "Mlingoti ule ni wangu."

"Mbona hageuki?" aliuliza Kiboko.

Akajitosa, tubwi. Bi Nguchiro alisikia mihemo yake nyuma ya usukani. "Laleni chini," aliwaambia wanawe. Hakutazama nyuma. Mihemo ikawa ya mbali, kisha ikawa haipo. Mchana walifika ng'ambo, akawakumbatia wote watatu kwa mpigo.

Kiboko alirudi pumzi zimemwishia. Alimkuta Kifaru bado ameketi ufukweni, kapu la chakula cha safari mapajani.

"Zamu yetu saa ngapi?" aliuliza Kifaru.

Hadithi yangu imefika bandarini, nanyi chukueni hili: mwenye nguvu asiye na akili ni fundi wa wenzake, tena wa bure.