Chuma cha Saa Nne

Sogeeni karibu. Mwenye karanga agawe, mwenye simu aizime, maana hadithi hii ina swali mkiani na mkia wenyewe unauma. Mara ya mwisho niliisimulia kwenye harusi, upande wa bibi harusi ukanuniana na upande wa bwana harusi mpaka pilau ikapoa. Nyinyi nawaona mna busara kidogo. Haya, tegeni masikio.

Palikuwa na watu watatu pale Lushoto, ng'ambo ya soko, wakifanya kazi chini ya bati moja.

Wa kwanza ni Hiza, mwenye duka la kuchapa barua na kutoa kopi. Kipaji chake kilikuwa subira ya vidole. Wateja wakiisha, alifungua kompyuta akaingia kwenye gemu ya mtandaoni iitwayo Milima Tisa. Humo maelfu ya watu wa dunia nzima wanaishi kama wapiganaji, wahunzi na wachawi, na Hiza alichagua kuwa mchimba madini. Mwingine akilipiga jiwe mara kumi amechoka. Hiza alilipiga mara mia tatu huku anapiga mluzi. Baba yake alimwita mchimba hewa, tena mbele za watu.

Wa pili ni Nuriati, fundi cherehani, aliyepanga nusu ya chumba hichohicho. Kipaji chake kilikuwa kujua kila kitu kikae wapi. Mkasi kulia, chaki kushoto, futi shingoni, na hakuna kilichowahi kuhama. Magauni yake ya harusi yalisifiwa tangu Soni hadi Mlalo, ila watu walimsifu aliyeyavaa. Hakuna aliyewahi kugeuza gauni ndani nje kuona nani aliyeshona. Nuriati alicheka nao, akarudi kwenye cherehani yake, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha.

Wa tatu ni Bi Mwanahawa, mwenye miaka sabini na moja, aliyeuza mapeasi pale mlangoni pao. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Mtu alisimama kuuliza njia ya kwenda hospitali, akaondoka na kikapu kizima, na akashukuru.

Sasa, hiyo Milima Tisa ina karaha yake. Ukiingia tu, kioo cha kompyuta kimejaa takataka: ramani inaziba njia, batani ziko arobaini, na kati yake thelathini huzitumii, na ule mstari mwekundu unaoonyesha uhai wako umefichwa kona ya juu kabisa. Hiza alikuwa akichimba kwa raha zake, nyoka wa mgodini anamgonga, yeye hana habari, mpaka anaanguka amekufa na mfuko wake wote wa chuma unamwagika.

"Umekufa tena?" Nuriati aliuliza siku moja, bila kuinua macho kwenye pindo.

"Nimekufa tena."

"Mara ya ngapi leo?"

"Ya nne. Na chai bado sijanywa."

Nuriati akasimamisha cherehani, akaja kutazama. Akatazama kwa muda mrefu, akaguna.

"Hiza kaka yangu, hii ni meza ya kazi au jalala? Hebu nipishe."

Akafungua setingi, mahali ambapo Hiza kwa miaka minne hakuwahi kukanyaga. Akafumua kila kitu, kisha akaanza kupanga upya. Mstari wa uhai akauleta chini, ubavuni mwa sululu, pale jicho la mchimbaji linapokaa. Ramani akaipunguza. Batani thelathini akazitupa nje, na zile kumi akaziandika kwa Kiswahili: CHIMBA, KIMBIA, KULA, UZA. Chuma akakipa rangi ya kijani na mawe matupu akayaacha ya kijivu. Alifanya kazi ile huku anatabasamu peke yake. Tangu siku hiyo Hiza hakufa tena, na mfuko ukawa unajaa kabla ya adhuhuri.

Lakini kuchimba ni kuchimba, na kuuza ni kuuza. Sokoni mle kwenye gemu watu huandikiana, kila mmoja kwa lugha yake, na gemu yenyewe inawatafsiria. Mnunuzi akiandika, "Nakupa vipande vitatu vya dhahabu kwa kila chuma," Hiza alijibu, "Sawa." Bi Mwanahawa, aliyeingia ndani kuchaji simu, alisimama nyuma yake akaona kwa macho yake mawili.

"Umeuza?"

"Nimeuza, bibi."

"Bei ya kwanza?"

"Ndiyo hiyo aliyoitaja."

"Astaghfirullah! Mjukuu wangu, bei ya kwanza ni salamu. Mtu anakusalimu, wewe unamkabidhi ng'ombe?"

Akavuta kiti. Hiza akawa anamchapia maneno mpaka yeye mwenyewe akajua kudonoa herufi kwa kidole kimoja. Vipande vitatu vikapanda hadi sita kwa kila chuma, na duka likajaa vicheko, hata wateja wa kopi wakawa hawaondoki.

Ndipo tangazo likatoka. Milima minane ya gemu ile ilikuwa na majina, wa tisa hauna. Atakayekuwa wa kwanza kulipa dhahabu laki moja kabla ya jua la Jumamosi kuzama, ataupa mlima ule jina, na jina litabaki kwenye ramani ya kila mchezaji duniani. Mchezaji mmoja wa mbali, aliyejiita Mfalme wa Theluji, alishatamba kwamba mlima ni wake.

Hiza akachimba wiki nzima. Ijumaa akahesabu: chuma elfu kumi. Kwa bei ya sita ni dhahabu elfu sitini, haifiki. Walihitaji angalau kumi kwa kila kimoja, na kumi hakuna aliyewahi kuiona. Na Jumamosi yenyewe ilimbidi Hiza ateremke Korogwe kufuata wino wa mashine, la sivyo duka lingefungwa.

"Bibi," akamwambia Bi Mwanahawa, huku Nuriati yuko nyuma ya pazia anampima mteja kiuno, "kesho utauza wewe. Tazama saa hii iliyoandikwa juu ya kioo. Ikisema nne, fungua soko. Si kabla, si baada. Saa nne ndiyo wanunuzi wanajaa."

"Nne. Nimesikia."

Sasa hapa ndipo msinziaji aamke. Hiza alikuwa ameishi ndani ya gemu miaka minne, na kichwa chake kilishahamia huko. Saa ya gemu ilihesabu kizungu. Nne yake ilikuwa saa kumi ya alasiri, yetu sisi.

Jumamosi asubuhi Bi Mwanahawa akakaa mbele ya kompyuta, akakunja uso.

"Nuriati mwanangu, hii saa ina wazimu. Redio imesema ni saa tatu na nusu, hii inasema tisa na nusu."

"Wamehesabu tangu usiku wa manane, bibi."

"Nani anaamka usiku wa manane kuhesabu saa?"

Nuriati akacheka, akafungua setingi, akairekebisha ihesabu tangu kunakucha kama saa ya watu. Akazikuza herufi zake, maana macho ya bibi hayakuwa ya jana. Kisha akarudi kushona gauni la watu. Nusu saa baadaye kioo kikasema nne, na redio ikakubaliana nacho.

"Biashara asubuhi, jioni mahesabu," akasema Bi Mwanahawa, akabonyeza UZA.

Soko lilikuwa tupu. Wauza chuma wa dunia nzima huja alasiri, wakipunguziana bei mpaka wanaumizana. Lakini siku hiyo majeshi mawili ya gemu yalikuwa yapigane adhuhuri, panga zimewaishia, na wakamkuta muuzaji mmoja tu amekaa. Jemedari mmoja akaandika mbio: "Nakupa sita, upesi."

Kwa Hiza pangekuwa pameisha pale. Bi Mwanahawa akadonoa kwa kidole chake kimoja: "Karibu mwanangu. Sita ni bei ya kukitazama. Ya kukichukua ni nyingine."

"Nane! Nina vita!"

"Pole na vita. Ngoja nimsikilize na mwenzio."

Maana jemedari wa jeshi la pili naye alishafika. Bibi akawapa pole wote wawili, akawauliza hali za nyumbani, akawaambia biashara haigombi. Kila mmoja akiogopa mwenziwe asiondoke na mzigo, bei ikapanda ngazi kwa ngazi. Nuriati aliacha sindano katikati ya gauni, akaja kusimama nyuma ya kiti huku ameziba mdomo kwa mikono. Ilipofika kumi na moja, bibi akasema, "Kichukueni nusu kwa nusu, mwende salama," na mfuko ukabaki mtupu.

Saa nane mchana Hiza akaingia anahema, katoni ya wino begani.

"Nimewahi! Zimebaki saa mbili. Bibi, chuma kiko..." Akatazama kioo. "Chuma kiko wapi?"

"Kimeuzwa."

"Nilisema saa nne!"

"Nimeuza saa nne."

"Saa nne bado haijafika!"

"Mjukuu wangu, saa nne imepita tangu asubuhi. Huko Korogwe mmeigandisha?"

Hiza akaweka katoni chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaona hesabu ya dhahabu chini ya kioo: laki moja na elfu kumi. Akatazama saa mpya ya Nuriati, akamtazama bibi, akaelewa, na akaanza kucheka mpaka akakaa sakafuni. Wote watatu walicheka mpaka muuza mitumba wa jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Wakalipa. Mlima ukawa wao. Mfalme wa Theluji akaandika maneno ambayo hata gemu yenyewe ilikataa kuyatafsiri.

Halafu kikafunguka kisanduku kidogo cheupe: *Andika jina la mtu mmoja. Herufi zisizozidi kumi. Jua likizama bila jina, mlima utauzwa tena.* Kicheko kikapungua, wakaanza kutazamana.

"Jamani," Hiza akaanza, "nani alichimba? Chuma elfu kumi, kimoja kimoja, kwa vidole hivi. Bila chuma mngeuza nini, hadithi? Na neno la saa nne lilitoka kinywani mwangu. Nataka nimwite baba aje aone mlima wenye jina langu, nimuulize kama hewa huchimbwa hivyo."

"Umechimba, sikatai," akasema Bi Mwanahawa. "Lakini wewe ungekiuza kwa sita, tena kwa furaha, na sasa hivi tungekuwa tunampongeza yule wa theluji. Chuma kimepata bei kwa ulimi huu. Na mimi wanangu nikifa nitaandikwa kwenye kibao, mchwa watakila kabla ya hitima ya mwaka. Mlima huo mchwa hawaufikii."

Nuriati aliona aibu kwa jinsi alivyokuwa anakitaka kitu kile.

"Mimi sikuchimba hata jiwe moja," akasema mwishowe. "Sikuuza. Lakini Hiza, kabla sijapanga kioo chako ulikuwa unakufa mara nne kabla ya chai. Na bibi, nisingeigeuza saa?"

"Ningekaa kungoja mpaka ile ya wazimu iseme nne," akakiri bibi. "Hiza alisema nifuate kioo, si redio."

"Basi na mimi nimo. Kila ninachokifanya kinakaa ndani, hakionekani. Mara moja tu nataka kionekane."

Hakuna aliyembishia. Jifya moja haliinjiki chungu, na wote walilijua hilo. Ila kisanduku hakikuuliza chungu, kiliuliza jifya.

Najua mtakachosema, maana nyinyi ni wajanja. Waunganishe majina? Walijaribu; gemu ikasema hakuna mtu wa jina hilo. Wapige kura? Kila mmoja angejipigia. Wapige shilingi? Bi Mwanahawa alisema hajafanya kazi miaka hamsini ili aamuliwe na sarafu. Walibishana alasiri nzima, na sasa jua la kwenye gemu lilikuwa limeshagusa vilele.

Hiza akautazama mlima, akashusha pumzi, akasukuma kibodi mbele ya Nuriati.

"Andika wewe. Wewe ndiye unayejua kila kitu kikae wapi. Utakaloandika, mimi sina neno."

"Wala mimi," akasema Bi Mwanahawa. "Andika, mwanangu. Tunakuamini."

Wakageuza nyuso zao wote wawili, wakatazama barabarani, wasimwone anachoandika.

Nuriati akabaki na kisanduku kile. Kabla ya hapo alikuwa na madai yake na ujasiri wa kuyasema. Sasa amepewa kuamua, na waliomwamini wamempa mgongo. Akaweka kidole juu ya N. Akakitoa. Akakipeleka kwenye H, akakileta kwenye M, akarudi kwenye N. Jua lilikuwa limebaki nusu.

Haya, wasikilizaji wangu, mimi naishia hapo, maana kidole kile bado kiko hewani. Bila Hiza hapakuwa na chuma, bila bibi hapakuwa na bei, na bila Nuriati mchimbaji angekuwa maiti na saa nne isingekuwa asubuhi. Semeni: mlima ule uitwe nani?

Na ukishalitaja jina, nijibu na la pili. Kidole kile kingekuwa chako, na wenzako wamekupa mgongo kwa kukuamini, ungeliandika jina hilohilo?