Bwana Ghalib na Mlango wa Nakshi

Bwana Ghalib alinunua nyumba ya kale Mji Mkongwe, akaapa kung'oa mlango wa nakshi na kubomoa baraza aweke vioo. Siku ya maulidi, jirani yake Bi Mwanakheri akamwambia mbele ya sheikh na mtaa mzima:

"Bomoa, baba. Marehemu Faki, muuza urojo, alitoa kibanda chake wakfu kwa msikiti. Wewe utaweza wapi kutoa kama yeye?"

"Nishindwe na muuza urojo?" Ghalib akafoka. "Nyumba yangu yote, kuanzia leo, wakfu!"

"Amina!" mtaa ukaitikia.

Asubuhi yake Ghalib alikuja na mafundi wa kubomoa. Sheikh akamzuia: "Mali ya Mungu haibomolewi, bwana."

"Nilikuwa najigamba tu!"

"Tulijua, baba," akasema Bi Mwanakheri. "Ndiyo maana tuliitikia haraka."

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Wewe tafadhali usimcheke; mwombee apate thawabu asizozitaka.