Nahodha Alipewa Neno la Mwisho

Siku ile kwenye kibanda cha kinyozi walikuwepo watu sita. Nitawataja wote, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu mbaya. Alikuwepo kinyozi mwenyewe. Alikuwepo fundi pikipiki, ambaye karakana yake imepakana na kibanda. Alikuwepo mwalimu wa darasa la nne, maana shule zilikuwa zimefungwa. Alikuwepo mteja mmoja kitini, kitambaa shingoni, amenyolewa upande mmoja wa kichwa. Mlangoni alikuwepo mama muuza chai na vitumbua, na jiko lake la mkaa. Wa sita ni mzee mmoja aliyefika wenzake wakiwa wameshaanza kuzungumza. Mzee huyo ujanani alikuwa nahodha wa timu ya wilaya, akicheza kiungo na kuvaa jezi namba sita, na mpaka uzeeni watu wote walimwita Nahodha.

Wapendwa, mimi si mtu wa mpira. Nikikosea kitu, waume zenu watanisahihisha mkifika nyumbani.

Jana yake ilikuwa fainali ya mataifa. Timu moja ilivaa nyeupe, nyingine kijani. Weupe walipigiana pasi fupi fupi kuanzia mwanzo, mpira ukawa wao kama mtoto na titi la mama yake. Kijani wakajazana nyuma, wakapaki basi kama wanavyosema vijana, wakasubiri. Dakika ya themanini na nane weupe wakapoteza pasi moja tu. Kijani wakakimbia nayo, wakafunga, na kombe likawa lao.

Basi asubuhi pale kibandani ndiyo ikawa habari. Nani alicheza mpira, aliyeumiliki au aliyefunga?

Fundi alikuwa upande wa kijani. Alisema pasi mia saba bila bao ni sawa na kuosha pikipiki isiyowaka. Mwalimu alikuwa upande wa weupe, akasema kushinda kwa kujificha nyuma ni kama mwanafunzi anayepasi kwa kuchungulia daftari la jirani. Kinyozi aliweka mashine chini, akachukua vizibo vya soda, akavipanga kwenye benchi kuonyesha beki alisimama wapi na kiungo alipaswa kuwa wapi. Fundi akasogeza kizibo kimoja. Mwalimu akakirudisha. Mteja akaomba amaliziwe kichwa chake, akaambiwa nywele hazikimbii, naye akacheka, akageuza kiti ili avione vizibo vizuri.

Sasa niwaambie desturi ya kibanda kile. Mjadala wa mpira ukianza, kila mtu husema kwa zamu, na aliye mkubwa kuliko wote husema mwisho. Akishasema yeye, hakuna wa kuongeza. Waliiweka desturi hiyo baada ya watu kushikana mashati mwaka mmoja kwa sababu ya penalti. Ni desturi nzuri. Hata kwenye nyumba zetu baba mkwe hufunga maneno, na sisi tunanyamaza.

Nahodha alipotokea kwenye uchochoro, wote walifurahi. Hukumu imefika. Fundi aliinuka akampisha kwenye benchi. Mwalimu aliipangusa nafasi ile vumbi kwa leso yake mwenyewe. Mama muuza chai akajaza kikombe.

Lakini mzee yule hakuja kwa ajili ya mpira. Alikuwa ametoka hospitali. Binti yake, mtoto wake pekee aliyebaki hapa mjini, alijifungua alfajiri, na baada ya mtoto kutoka damu haikukoma. Muuguzi alimwambia akiba ya damu imekwisha. Alimwambia atafute watu watatu wenye afya, awalete haraka, kila mmoja apimwe. Yeye mwenyewe alinyoosha mkono akakataliwa kwa sababu ya umri. Mkwe wake alikuwa machimboni, safari ya siku nzima. Akafikiri, nitapata wapi wanaume watatu wenye afya saa hizi? Akakumbuka kibanda cha kinyozi. Akatembea upesi, kwa miguu yake ile ya zamani, dakika ishirini.

Akasimama mbele yao, akasema, "Wanangu, nimekuja kwenu."

"Na tulikuwa tunakusubiri, Nahodha," fundi akamwambia. "Kaa kwanza. Neno lako ni la mwisho."

"Ni jambo ambalo..."

"Tunalijua jambo," mwalimu akasema akitabasamu. "Usianze kuwatetea viungo wenzako kabla sijamaliza. Nibakizie kidogo."

Wakacheka wote, kicheko cha kumpenda. Fundi akamshika mkono taratibu, akamkalisha. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi.

Mtaniuliza, kwa nini hakupiga kelele? Kwa nini hakusema palepale, binti yangu anakufa? Mimi pia nilijiuliza. Halafu nikawakumbuka wazee wa kwetu. Ni mzee gani anayeweza kusimama mbele ya vijana wanaocheka akaanza kutaja damu ya uzazi ya mtoto wake wa kike? Ni neno la kumvuta mtu pembeni, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuvutwa pembeni. Tena walikuwa wamempangusia benchi. Aliona dakika tano zitapita, zamu itamfikia.

Hazikuwa dakika tano. Mwalimu alieleza jinsi timu ya weupe inavyocheza. Alieleza vizuri, ndivyo walivyosema baadaye, na kwamba hajawahi kueleza vizuri kama siku ile. Alisema uzuri wa timu ile ni kwamba hakuna mtu anayesahaulika uwanjani. Mpira unamfikia hata beki wa pembeni ambaye jina lake halijulikani, unamfikia hata kipa. Kila mmoja anainua kichwa kwanza, anatazama mwenzake yuko wapi, ndipo anacheza.

Alisema hayo bega lake likiwa limegusana na bega la yule mzee.

Fundi akajibu kwa kirefu. Kinyozi akapanga vizibo upya. Nahodha akainua mkono kidogo, kama mtu anayeomba ruhusa darasani, na kinyozi akamwambia kwa upole asiwe na wasiwasi, hawajamsahau, zamu yake inakuja. Mteja akaona jua linampiga mzee usoni. Akachukua kofia yake aliyoiweka mapajani, akampa avae. Mnaona? Kila mtu alimtendea wema.

Mama muuza chai ndiye nitakayemsema kidogo zaidi, kwa sababu yuko karibu na sisi. Yeye hakuwa na upande wa kijani wala wa weupe. Alikuwa akigeuza vitumbua, na mwanamke anayegeuza vitumbua ana muda wa kutazama watu. Aliona shati la Nahodha limefungwa vifungo vibaya, kifungo cha juu kwenye tundu la pili. Aliona kikombe kinatetemeka. Aliona mzee anatazama saa ya ukutani, anatazama njia, anatazama tena saa. Alijua kuna kitu. Alijua kabisa. Akafanya nini? Akamwongezea sukari kwenye chai. Akamchagulia kitumbua cha moto, akakiweka kwenye kisahani bila kusema neno. Akajisemea, wanaume wanaongea, wakimaliza nitamuuliza.

Mzee akasema ahsante mwanangu. Kitumbua hakukigusa.

Saa nne na robo maneno yaliwaishia. Mwalimu alikuwa amekauka koo. Fundi akapiga makofi mara moja, akasema haya, sasa mahakama isikilize. Wakamgeukia wote. Mteja naye akageuka, na kichwa chake nusu.

"Nahodha, wewe ndiye uliyecheza," kinyozi akasema. "Tuambie. Jana nani alicheza mpira?"

Mzee akasimama. Akavua ile kofia, akaishika kwa mikono miwili.

"Mpira sikuutazama, wanangu. Nilikuwa hospitali na binti yangu. Amejifungua, na damu haikomi. Wanataka watu watatu wa kumchangia."

Hakuna aliyeuliza swali. Mteja ndiye aliyeinuka wa kwanza. Alitoka na kitambaa shingoni, nywele upande mmoja, akaenda hivyo hivyo mjini mchana kweupe, na wala hakukumbuka kichwa chake mpaka jioni. Kinyozi aliacha kibanda wazi. Fundi alitoa pikipiki mbili za wateja wake, moja akaendesha yeye, nyingine akaendesha mwalimu. Mama muuza chai aliipua kikaango, akamwagia maji kwenye mkaa, akakimbia kwa miguu, kanga mkononi. Walitakiwa watatu, wakaenda watano.

Wakalala kwenye vitanda vya maabara, mikono wazi. Fundi, ambaye huogopa sindano kuliko kitu chochote, aligeuza uso ukutani akasema chomeni tu. Mwalimu alimsihi mtu wa maabara amtoe chupa mbili, akaambiwa hairuhusiwi. Kama ni moyo, wapendwa, ulikuwepo. Hakuna mtu pale aliyekuwa na moyo mdogo.

Damu ilikuwa bado inapimwa daktari alipokuja. Hakwenda maabara. Alimwendea mzee kwenye korido, akamshika bega, akainama kumsemesha. Walipomwona mzee anakaa chini sakafuni, taratibu, kama mtu anayekaa jamvini, walielewa.

Je, saa zile mbili kasoro zingemwokoa? Mimi sijui. Daktari hakusema. Wale watano hawakuthubutu kumuuliza, na nafikiri hawatamuuliza mpaka wanaingia kaburini.

Fundi ndiye aliyekwenda kukaa sakafuni karibu naye. Alilia kwanza. Halafu akasema, "Baba, mbona hukutukatiza?"

Nahodha akamjibu bila hasira. "Mliniheshimu sana, mwanangu. Nilishindwa kuivunja heshima yenu."

Wapendwa, nimelifikiri jibu hilo siku nyingi, nikiwa nafua, nikiwa nanyonyesha. Ningekuwa na nafuu kama wangekuwa watu wabaya. Mtu mbaya akimfukuza mzee, sisi tunamlaani na kwenda zetu nyumbani tumeshiba haki. Lakini hawa walimpenda. Walimpisha, wakampangusia, wakamvisha kofia, wakamwekea sukari. Walimtunzia neno la mwisho kama watu wanavyotunzia mgeni kipande cha nyama, na neno lenyewe likapoa. Waliokuwa wanasifu timu inayoinua kichwa kumtafuta mwenzao, hakuna aliyeinua chake.

Sasa tujitazame. Nani kati yetu hajawahi kumkalisha mtu kwa heshima ili asimsikie? Mama mkwe anafika mlangoni, tunamkimbilia na kiti, na maji, na chai, tunamwambia mama pumzika kwanza, na yale yaliyomtoa kwake asubuhi yote anarudi nayo. Mume anarudi kazini, anakaa kimya, tunampakulia chakula kizuri, tunashukuru Mungu kwamba ametulia. Mimi mwanangu mkubwa akinivuta kanga, namwambia subiri mama amalize. Nammenyea ndizi ili asubiri vizuri. Siku nyingine nikimaliza, ananiambia amesahau.

Tena kanisani humu. Mjane tunamweka benchi la mbele. Tunamwombea kwa jina. Nani amekwenda kukaa naye bila ajenda, akamwacha aanze yeye?

Wala sisemi tuache heshima. Heshima ni mali yetu. Nasema heshima isimzibe mtu mdomo. Mtu akija na kusema nimekuja kwenu, hata kama tunadhani tunalijua jambo lake, hata kama wengine bado wanaongea na maneno yao ni matamu, tumuulize kabla hajakaa. Umekuja na nini, baba? Ni maneno manne tu. Yanachukua muda gani?

Na wewe mama ambaye umeona kifungo kimekosewa. Ninakusema wewe kwa sababu najisema mimi. Mungu ametupa macho ya kuona vikombe vinavyotetemeka, na sisi tunatia sukari. Tunangoja wanaume wamalize, tunangoja wakubwa wamalize, tunangoja ibada iishe. Usingoje. Weka kijiko chini, mvute pembeni, muulize. Akikuambia hana kitu, umepoteza kitumbua kimoja kilichoungua.

Tuinamishe vichwa sasa, kila mmoja amkumbuke mtu mmoja ambaye wiki hii alikuja kwake akaondoka bila kusema. Msinitajie mimi. Mkitoka hapa, nendeni kwake.

Ile damu ya watu watano haikumwagwa. Siku tatu baadaye wagonjwa wengine ndio waliopewa, watu ambao hakuna aliyewajua.

Na yule mtoto aliyezaliwa alfajiri ni wa kike. Anakaa na babu yake. Juzi aliota jino la pili.