Vumbi la Seremala

Kabla hujaiona nyumba ya seremala, ungeinusa. Karakana yake ilipakana na jiko, na kwa miaka mingi vumbi la mbao lilipenya ndani, laini kama unga, likatua juu ya makabati, nyuma ya redio, hata katika mikunjo ya mapazia. Hakuna aliyelijali mpaka kifua cha mkewe kilipoanza kubana. Daktari hakuuma maneno: mama huyo asilale tena pale mpaka vumbi litoke, nalo lisitolewe kwa ufagio, ambao hulirusha hewani, bali kwa vitambaa vyenye unyevu. Mkewe akafungasha, akahamia kwa dada yake.

Seremala hakuwa amewahi kufuta hata meza aliyoichonga mwenyewe. Hata hivyo alipiga moyo konde. Alihamishia msumeno na randa kwenye banda la mtaa wa pili, kisha akanunua vitambaa vya maikrofaiba, vile ambavyo nyuzi zake ni nyembamba kuliko unywele na hunasa vumbi badala ya kulisukuma. Akafuta, akafua, akafuta tena, hata mgongo ukamuuma kama aliyepigwa mijeledi.

Alipodhani kazi imekwisha, aliwaalika mkewe na shemeji yake. Mkewe hakumaliza hata kikombe cha chai, kikohozi kikamshika.

"Shemeji, nyumba hii imeshindikana," alisema dada mtu, akimshika mgonjwa mkono. "Mwache akae kwangu kwa amani."

"Naomba nijaribu tena."

"Umeshajaribu. Ukaidi si dawa ya kifua."

Maneno hayo yalimchoma kama mkuki. Lakini mkewe, akiwa tayari mlangoni, alichukua kitambaa kimoja kwenye kamba, akakipitisha juu ya dirisha. Vumbi likatapakaa tu. Akakinusa.

"Baba watoto, hivi umefulia nini?"

"Nilivichanganya na mataulo. Nikatia ile dawa ya kulainisha nguo, ili ukija vinukie."

Mkewe akacheka katikati ya kikohozi. "Umevinukisha mpaka vimelewa. Dawa hiyo huacha utando kwenye nyuzi, hazishiki kitu. Na manyoya ya taulo yamevijaa. Vifue peke yake, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Usivichemshe wala usivipige pasi."

Walipoondoka, seremala alivikusanya vitambaa vyote. Kisha akakunja mikono ya shati, akajaza beseni. Alivifua na kuvisuuza mara kwa mara mpaka maji yakatoka meupe pe, akavikung'uta na kuvianika kivulini. Tangu hapo vya bluu vikawa vya vioo, vya njano vya samani, na vyekundu havikutoka bafuni. Kila kitambaa alikikunja mara nne. Upande mmoja ukichafuka, aligeuza mwingine. Alianzia juu akishuka chini, kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Jioni alivua nguo za kazi nje, majirani wakamtania kwamba ameposa upya. "Ndiyo," aliwajibu, "na mahari yake ni jasho."

Wiki zikapita. Vitambaa vilivyokuwa vikirudi vyeusi vikaanza kurudi na kijivu hafifu, kisha karibu safi.

Shemeji alikuja shingo upande, akiwa amemshika dada yake. Alipanda kiti, akapitisha kidole juu ya kabati, akakitazama. Akapitisha nyuma ya redio, akakitazama tena. Mkewe alikuwa ameketi, chai imeisha, anaongea bila kukatizwa na kikohozi.

"Nilikusema vibaya, shemeji," alisema dada mtu taratibu. "Mzigo wake nimeuacha nje kwenye gari. Nenda kauchukue."

Usiku ule mke wa seremala alilala chumbani mwake, pumzi zikipanda na kushuka kwa utulivu. Seremala hakuwa na nguvu za kulishinda vumbi la miaka kwa siku moja. Alikuwa na kitambaa laini tu, na mkono uliokataa kuchoka. Hakika, papo kwa papo kamba hukata jiwe.